Vitabu vya Mjukuu na Chumba Changu

Jumatatu, tarehe tisa Machi. Mwezi huu natimiza miaka thelathini na minane tangu nitoke nyumbani.

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yametulia na macho hayajazidi kukusumbua. Mimi sijambo. Kifua kilinibana wakati wa baridi, lakini sasa napanda ngazi za maktaba bila kusimama katikati na kujifanya nasoma matangazo ukutani. Msalimie mwanao, fundi wetu wa umeme, pamoja na mkewe. Na wewe mjukuu unayemsomea bibi yako barua hii kwa sauti, marahaba. Soma polepole, usiruke mstari hata mmoja, hasa kule mwisho.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu inanishinda. Dada ukinyamaza kidogo tu upande wa pili, mimi nasahau nilichotaka kusema na naanza kukubali kila kitu. Kalamu hainyamaziwi.

Nianze na masomo. Ulinieleza kwamba mtoto amepata nafasi chuoni, ameshikilia kusoma saikolojia, na baba yake hataki kusikia. Ulisema amemuuliza kama akihitimu ataweza kumtajia mtu anayemwibia koleo zake kazini; kama hawezi, basi akasome uhasibu, mambo yaishe. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mwambie mwanao kwamba mjomba wake anasema koleo zinaibwa kwa sababu anaziacha juu ya ngazi, na kulijua hilo hakuhitaji shahada. Kisha mwambie na hili, bila utani. Yeye hashiki waya kabla ya kuupima, hata mwenye nyumba akimwapia kwamba umeme umezimwa. Binti yake anakwenda kufundishwa jambo hilohilo: asitamke neno juu ya mtu kabla ya kupima. Kama kazi ya baba ni kazi ya heshima, ya mtoto nayo ni ya heshima.

Unajua nimekaa miaka mingi nyuma ya meza ya kuazimisha vitabu, rafu za saikolojia zikiwa mgongoni kwangu. Hata baada ya kustaafu bado wananiita asubuhi moja moja. Kila mwaka wanafunzi wapya huingia wakiwa na haja ileile: wanataka kile kitabu kinene cha magonjwa ya akili, tena leo. Kuna kijana mmoja alikiazima Ijumaa, Jumatatu akarudi amepauka, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba amejikuta na magonjwa manne. Nilimwomba anionyeshe. Wa tatu ulikuwa wa wanawake waliojifungua karibuni. Nilimuuliza mtoto anaendeleaje. Alinuna kwanza, halafu akacheka, na baadaye akawa msomaji mzuri kuliko wote wa mwaka wake. Tangu hapo niliweka utaratibu wangu: kitabu cha magonjwa kinakaa nyuma ya kiti changu, na hapewi mtu mpaka aniambie kwanza amesoma nini kuhusu namna utafiti unavyofanywa. Wakubwa wa idara walininung'unikia, wakazoea.

Kwa hiyo sikushangaa uliponiambia kwamba mjukuu amesoma kitabu kimoja cha kuazima na sasa nyumbani kwako hakuna mzima. Baba ana hasira iliyokandamizwa, mama ana wahka, na wewe una maradhi ya kulimbikiza vitu kwa sababu unatunza makopo ya rangi yaliyokwisha. Nimefurahi ulivyomjibu, kwamba makopo hayo ndiyo anayochotea maji ya kuoga kila asubuhi, na mgonjwa ni nani hapo.

Mjukuu wangu, usione haya. Kila anayeanza huanzia hapo. Sasa sikiliza, maana uliomba nikutajie vitu vya kusoma. Tafuta kitabu kimoja cha utangulizi, kile wanachotumia chuo chako, na kiwe cha karibuni, kwa sababu fani hii husahihisha makosa yake na toleo la zamani halijui kwamba limesahihishwa. Usikisome kama riwaya. Fungua kwanza sura ya mbinu za utafiti, ile ambayo wenzako wote watairuka kwa sababu ina hesabu. Humo mna swali moja litakalokufaa maisha yote: kama ninachoamini si kweli, ningeona nini? Liandike juu ya meza yako. Ukishalizoea, ndipo usome kuhusu kumbukumbu, na watoto wanavyokua, na ubongo.

Vyuo vikuu vingi huweka mihadhara yao mtandaoni bure, mhadhiri akionekana na ubao wake. Chagua mmoja umfuate mpaka mwisho. Kuonja kumi kunakupa maneno tu. Makala za utafiti zitakutisha mwanzoni. Soma muhtasari, kisha nenda moja kwa moja kutazama ni watu wangapi walipimwa na walikuwa watu gani, na kama kuna mwingine aliyerudia jaribio akapata jibu lilelile. Yale maswali ya kwenye simu yanayokuambia wewe ni mtu wa aina gani, cheza nayo na rafiki zako, usiyalete chuoni. Soma riwaya na maisha ya watu, nyingi uwezavyo. Omba ruhusa ukae siku moja na muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa akili, umwone anavyomsemesha mtu anayeogopa. Tena kila jioni mweleze bibi yako ulichosoma, kwa Kiswahili kitupu. Akikuuliza maana yake nini na ukashindwa, hujaelewa, rudi kitabuni. Dada, usimhurumie. Nakujua, hutamhurumia.

Sasa nije kwenye lile ulilonieleza mwisho wa simu, kwa sauti ya kuficha furaha. Ulisema mjukuu amenipima nami pia. Amegundua kwamba sirudi kwa sababu nina jeraha la nafsi tangu ile wiki ya milango kugongwa usiku, tulipotawanyika, na jeraha likitibiwa nitarudi. Ulisema ameahidi kunitibu kwa simu, kidogo kidogo, na wewe umeshapaka chumba changu rangi na kutundika mapazia mapya. Nilikata simu, nikakaa kitandani bila kuwasha taa.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Mjukuu hajakosea kabisa: niliumwa. Miaka ya mwanzo huku nililala na viatu miguuni. Mlango ukigongwa nilijifungia chooni, hata kama ni mwenye nyumba amekuja kunijulia hali. Na mkoba wangu ulikaa kando ya mlango, umefungwa, nguo zote ndani, ili nirudi nyumbani saa yoyote. Asubuhi natoa shati, jioni nalifua, likikauka nalirudisha mkobani. Barua ulizopata wakati ule, zile za mwezi ujao nakuja, mwezi ujao nakuja, zilitoka katika ugonjwa huo. Sikuwa nakudanganya. Niliamini kila neno.

Mwenzangu mmoja wa kazini alinipeleka kwa mnasihi, mama mmoja mwenye chumba kidogo na viti viwili visivyofanana. Nilikwenda kwake karibu miaka miwili. Hakuwahi kuniambia nibaki wala nirudi. Alinisikiliza, akaniuliza, akaningoja. Halafu Jumamosi moja nilikuwa nafagia, nikaona mkoba unanizuia, nikaufungua na kutundika mashati yangu kabatini, moja moja. Mkoba nikausukuma chini ya kitanda. Jioni nilivua viatu nikalala. Siku iliyofuata mlango uligongwa nami nikaenda kuufungua, na nilikuwa tayari nimeshasema karibu nilipotambua kwamba nimeufungua.

Mjukuu, chukua lile swali sasa. Kama jeraha ndilo linalonizuia kurudi, basi nilipokuwa na jeraha bichi ningetaka kukaa mbali, na nilipopona ningefunga safari. Ilikuwa kinyume. Nilipoumwa ndipo nilipotaka kurudi kila siku ya Mungu. Nilipopona, haja ile ilitulia, na huku pakawa kwangu. Nina meza yangu, ngazi zangu, jirani wa kugonga ukuta, na kaburi la mke wangu ambalo nalipalilia mwenyewe. Nyumbani napakumbuka. Nikisikia maji yakimiminwa kwenye kopo nakuona wewe uani, umejifunga kanga kiunoni, unanifokea. Lakini kukumbuka si ugonjwa, dada, na hakuhitaji dawa.

Huzuni hii nakupa wewe, najua, na naomba uipokee ukiwa umekaa. Mtoto asijilaumu. Alinitazama kwa huruma akakosea hatua moja tu, na hatua yenyewe iko katika sura aliyoiruka.

Chumba kile ni kikavu na kina mwanga wa asubuhi. Yeye anasomea jikoni, vitabu juu ya debe la mafuta ya kupikia. Basi mpe. Mwanao atoe kitanda changu, aweke meza chini ya dirisha, na avute waya wa taa nzuri, kwa kipimo chake. Mapazia mapya yaacheni. Nitakuwa nampigia huko kila Jumapili anieleze alichosoma, na wewe ukae mlangoni umsahihishe Kiswahili.

Wasalimie wote wanaoniulizia. Waambie naona vizuri, nalala vizuri, na nawapenda. Mimi ni mzima, dada yangu. Sitarudi.

Mdogo wako,
Miwani