Sega la Kwanza

Mjomba,

Shikamoo. Nimetulia kidogo hapa nikisubiri marahaba yako. Mazoea yana taabu.

Jana mchana nilisinzia chini ya mizinga yetu kule porini Itigi, nikakuona. Ulikuwa umeshika kienge chako, lile gome lililofungwa kwa kamba, linafuka moshi tu bila kuwaka, unapita mti hadi mti taratibu. Miguu haikuwa na uvimbe tena, viatu vinakuenea. Nyuki walitua mabegani mwako kama watoto waliozoea kubebwa. Nikataka kukuita, sikukuita. Hata ndotoni nimekunyamazia, ndiyo maana naandika.

Unakumbuka daktari alipokwambia una sukari? Ulirudi nyumbani ukapiga marufuku sukari kwenye chai, ukamfokea mkeo kwa sababu ya kijiko kimoja tu. Kisha ukaagiza kopo la asali. "Asali ni dawa," ulisema. "Nani umemsikia kafa kwa asali?" Vijiko vitatu asubuhi, vitatu jioni. Na kila nilipovuna, sega la kwanza lilikuwa lako, kwenye sahani ya bati, maana mwanafunzi haonji kabla ya fundi wake. Ulifumba macho ukatafuna mpaka nta. Nilipenda sana kukutazama.

Baadaye, siku moja ya kliniki, muuguzi aliniita pembeni. Mkojo wako ulikuwa na povu. Akanieleza kwamba sukari ikizidi kwenye damu muda mrefu, mwili unafuka ndani kwa ndani, mwako mdogo usioonekana, na figo zinaumia humo polepole. Figo ni vichujio. Vikiharibika, taka zinabaki mwilini na kuuchochea mwako ule ule. Nilielewa upesi, maana ni kienge hicho hicho, hakiwaki wala hakizimiki. Nikauliza, na asali je? Akasema asali nayo ni sukari, damu haijui kama imetoka mzingani au dukani.

Sikukwambia.

Ningeanzaje, Mjomba? Wewe ndiye uliyenipandisha mtini kurina asali, kazi ya wanaume, nikiwa msichana, kijiji kizima kinacheka. Nikajisemea, msimu ukiisha nitamwambia. Nikakuletea sega jingine. Ukala, ukanibariki. Nililiita jambo hilo heshima, kumbe ulikuwa woga. Sisemi ni asali peke yake iliyokuua. Hata zile dawa za maumivu ulizomeza kila siku kwa ajili ya magoti, walisema zilizidi kuzichosha figo. Lakini nilichokijua nilikaa nacho, na kinaniuma.

Tangu uondoke, nyuki wamehama mizinga miwili. Ule wako wa gome la mti wa mtundu umejaa. Wiki iliyopita nilivuna, nikampelekea mkeo sega la kwanza, kwa kuwa sasa ni haki yake. Alikuwa barazani, miguu imevimba kama yako ilivyoanza, sahani ya bati iko mapajani. "Lete, mwanangu, dawa hiyo."

Nikamwambia, "Mama, hii ni sukari. Ndiyo aliyokuwa anakula marehemu."

Akauliza, "Na yeye ulimwambia?"

Nikasema hapana.

Akaifuta sahani kwa pindo la khanga ingawa haikuwa na kitu, akaingia ndani. Nikajua nimefukuzwa. Nikasimama pale pale nikilia, asali inanichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Alipotoka alikuwa amevaa viatu. Akasema, "Nawa mikono. Twende tukapime, wote wawili."

Tumepima. Sukari yake imepanda, yangu inanyemelea. Lakini figo bado zinafanya kazi, wamesema tumewahi. Siku hizi tunakula mlenda wa chumvi kidogo na ugali mdogo wa uwele. Chai isiyo na kitu anaiita maji ya kuoshea vikombe. Ungemcheka, kisha ungefokewa.

Lile sega nililirudisha porini jana, nikaliweka juu ya jiwe chini ya mzinga wako. Nyuki wakashuka, wakalinyonya kidogo kidogo mpaka ikabaki nta tupu. Nadhani hapo ndipo usingizi uliponichukua.

Pumzika, Mjomba. Ukija tena na kienge chako, nitakuita kwa sauti na kukwambia yote kabla hujaonja. Na huku kwa walio hai, sitangoja msimu uishe.

Mpwa wako,
Zaina