Sauti Katika Milango Minne

Tarehe 3 Februari

Kitinda mimba wangu,

Pokea salamu za baba yako. Huku tu wazima, mimi na shangazi yako, ila yeye anasumbuliwa na magoti na mimi nasumbuliwa na yeye. Wewe je? Unakula, au bado unaishi kwa chai za wodini?

Najua utacheka kuona nimeandika kwa kalamu, kisha nikaipiga picha karatasi na kukutumia kwenye simu. Mambo ya maana huandikwa. Ulipokuwa shule ya bweni nilikuandikia hivihivi, na hukuwahi kulalamika isipokuwa kuhusu mwandiko.

Gari limefika. Mwanangu, Mungu akuzidishie. Nimeendesha magari ya watu maisha yangu yote, malori kwanza, kisha yale ya shule ya udereva yenye breki mbili, lakini hili ni la kwanza kuwa na kadi yenye jina langu. Nililizunguka asubuhi nzima nikilifuta. Shangazi yako akauliza harusi lini.

Sasa ile skrini ya katikati. Fundi wa redio za magari alikuja akachomeka simu yangu kwa waya, na majina yote ya kwenye simu yakapanda pale, makubwa, hata bila miwani nayasoma. Nabonyeza jina lako, basi. Na ukinitumia ujumbe kuna mwanamke humo ndani anausoma kwa sauti. Kiswahili chake cha kuungaunga, lakini hachoki wala hagombi. Jirani kamsikia, kaeneza mtaani kwamba Mwalimu Breki kaoa tena. Sijakanusha.

Jana nilipokupigia, sauti yako ilitoka kwenye milango yote minne. Nilisikia kila neno, hata ulivyokuwa unapumua. Kwenye simu ya mkononi siku hizi unakuja kwa mbali sana, hii mitandao imekuwa ovyo. Kwa hiyo kuanzia sasa nitakupigia nikiwa garini, mchana, wakati wa mapumziko yako.

Baba yako,
Mwalimu Breki


Tarehe 26 Februari

Shikamoo baba,

Mimi sijambo, ni miguu tu, zamu zimekuwa ndefu. Msalimie shangazi, mwambie dawa ya kuchua magoti nimeshamnunulia.

Nimefurahi gari limekupendeza. Lakini baba, nasikia indiketa. Unanisimulia habari za paa linalovuja, na nyuma yako nasikia tik, tik, tik. Juzi kuna mtu alikupigia honi mfululizo na wewe ukaendelea kusimulia kama vile uko sebuleni. Kumbe unanipigia huku unaendesha.

Si wewe uliyenichapa rula ya mkono, ukinifundisha kuendesha, nilipoinama kubadilisha stesheni ya redio? Ulisema barabara ina wivu, ukiangalia kingine itakulipizia. Nilikununia wiki nzima, lakini maneno yako nimewaambia wenzangu wote hapa kazini.

Unajua niko wodi ya mifupa. Kitanda cha mwisho kuna mwalimu wa shule, mtu mpole, alikuwa anatafuta wimbo kwenye skrini kama hiyo yako. Anasema aliangalia kidogo tu. Mkewe alikuwa kiti cha pembeni. Kila asubuhi ananiuliza mkewe kalazwa wodi gani, na daktari ametuambia tumwache kwanza apate nguvu. Mimi ndiye ninayembadilishia shuka, baba. Namwambia nitaulizia.

Nipigie ukiwa nyumbani, umekaa kwenye kiti chako. Hakuna anayetufukuza.

Mwanao,
Kitinda


Tarehe 9 Machi

Kitinda wangu,

Marahaba. Nashukuru kusikia u mzima. Huyo mwalimu nimemwombea, na nimekuombea wewe zaidi, maana kazi hiyo si ya moyo mwepesi.

Lakini usinifananishe na watu. Mimi mikono yangu yote iko kwenye usukani. Hiyo skrini ndiyo kazi yake, imewekwa usawa wa macho ili mtu asiinamie simu mapajani. Nabonyeza mara moja, narudi barabarani. Waliofaulu mtihani wa udereva mikononi mwangu wangejaza uwanja wa mpira, na leo unanifundisha mimi kushika usukani? Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini na yeye asinyolewe na aliyemfundisha jana.

Kuhusu kukupigia nyumbani, haiwezekani. Mtandao wa ndani ni mbovu, na redio ya shangazi yako inaanza kunguruma kabla jogoo hajaamka. Niache na gari langu. Ni nusu saa tu ya siku, na ndiyo nusu saa ninayoisubiri.

Baba yako,
Breki


Tarehe 2 Aprili

Shikamoo baba,

Natumaini mkono umeacha kuuma. Mimi sijambo, ingawa tangu Jumatatu silali vizuri.

Nilisikia kila kitu. Nilisikia honi, tena kwa muda mrefu, nikakwambia baba kuna pikipiki inapiga honi, ukaendelea tu na habari za paa. Kisha ule mshindo. Kisha kimya, na mimi nimesimama kwenye korido ya wodi na sinia la dawa mkononi, naita baba, baba, mpaka wagonjwa wakainua vichwa. Uliporudi ukasema eti ni nguzo tu ya geti la shule, imepinda kidogo. Na yule wa pikipiki aliyelala mtaroni? Shangazi ndiye aliyeniambia, si wewe. Kama angekuwa na mtoto mgongoni ungeniambia nini?

Sikio la kufa halisikii dawa, wewe ndiye uliyenifundisha methali hiyo. Basi sikiliza hili. Simu ya garini naijua, ina mwangwi wake. Kuanzia leo nikiusikia mwangwi huo, nakata. Sitaki kuwa mtu wa mwisho uliyekuwa unaongea naye.

Na usidhani sikuona unavyoninunia. Jana ulipiga kutoka nyumbani, nikafurahi, nikakuuliza nani anakupikia sasa magoti ya shangazi yamezidi. Ukajibu "ndiyo." Nikakuuliza umekwenda hospitali kuonyesha mkono. "Ndiyo, ndiyo, mama." Nikakwambia nimekukumbuka. "Ndiyo." Ukakata. Kama umekasirika, kasirika, lakini nijibu kama mtu.

Mwanao


Tarehe 18 Juni

Shikamoo baba yangu,

Sijui nianzeje. Nimeandika nikachana, nimeandika nikachana. U mzima? Tangu Aprili sijapata hata mstari wako mmoja. Mimi nikajisemea ngoja, akichoka na kiburi chake ataandika. Na kila ulipopiga mchana nikasikia ule mwangwi, nilikata, kama nilivyoapa. Wakati mwingine nilikata kabla hujamaliza kusema "Kitinda."

Jana shangazi kanipigia akilia. Anasema una jambo kichwani. Anasema tangu ile ajali hujalitoa gari nje ya geti hata siku moja, lakini kila mchana unaingia ndani yake, unapandisha vioo vyote, unachomeka simu kwenye waya na kukaa. Jua lote hilo. Kisha unatoka shati limelowa, unaingia ndani, huli.

Baba, ulikuwa umeegesha? Siku zote hizo nilizokukatia simu, gari lilikuwa limesimama uani kwetu?

Kwa nini hukuniambia? Neno moja tu, kwamba hapa nimeegesha. Nisingekata. Namwona yule mwalimu wa kitanda cha mwisho, sasa ameshaambiwa kuhusu mkewe, anaangalia ukuta tu kutwa nzima, na mimi najiona nafanana naye. Tafadhali niandikie. Sina hasira tena, nina hofu.

Mwanao akupendaye,
Kitinda


Tarehe 27 Juni

Kitinda mimba wangu,

Marahaba, mama. Sina wazimu, mwambie shangazi yako aache kuita watu wa maombi. Mwili ni mzima. Ni masikio.

Sikio la kushoto limekwenda zake muda mrefu. Daktari anasema ni injini za malori, zile za zamani zilizokuwa ndani ya kabini, kushoto kwa dereva, akakaa nazo kama mtu na mkewe. La kulia lilibaki na kidogo. Nilijaribu kile kifaa cha kuweka sikioni. Kinapiga filimbi, kinaniletea sufuria, milango na mbwa wa jirani, lakini maneno ya watu hakileti. Daktari akasema ndivyo inavyokuwa kwa wengine.

Kwa hiyo simu ya mkononi sikusikii. Nasikia tu kwamba kuna mtu. Ile siku ya "ndiyo" sikukununia, mwanangu. Nilikuwa nabahatisha. Nilidhani ukiambiwa ndiyo hutagundua. Kumbe uliniambia umenikumbuka, nimekuja kulijua kwenye barua yako. Nimelisoma mara nyingi.

Garini ndipo nilipokusikia. Spika nne, sauti nafungua mpaka mwisho, unakuja mzima, na kicheko chako, na kile kikohozi chako cha kuanzia maneno. Utauliza kwa nini basi sikuegesha tangu mwanzo. Nilijaribu siku ya kwanza. Kwa sauti ile mtaa mzima ulisikia unavyoniambia mambo yako na yule bwana aliyekuacha, na jirani akaja jioni kunipa pole. Nikaona aibu kwa niaba yako. Barabarani hakuna anayesimama kusikiliza. Ndiyo maana nikawa naendesha.

Na aibu yangu mwenyewe ilikuwepo. Miaka yote nimewaambia watu dereva ana macho mbele na masikio nyuma. Mwalimu wa udereva asiyesikia honi, huyo ni nani? Yule wa pikipiki alinipigia honi, unasema kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nakusikiliza wewe, na macho yalikuwa kwenye skrini, maana jina lako lilikuwa linaandikwa pale nami napenda kuliangalia. Nilimwona tayari yuko ubavuni. Nikakata usukani, nguzo ikanipokea, na yeye akaenda mtaroni. Nimekwenda kwao kumwomba radhi. Mkewe alinikaribisha chai, na hilo liliniuma kuliko kama wangenipiga.

Basi, sitaendesha tena. Na si kwa sababu umeniambia wewe, nimejiambia mwenyewe. Ila nilidhani nikiegesha utakuwa umeridhika, nikawa nakupigia, nawe unakata. Sikukulaumu, ulikuwa unatekeleza nilichokufundisha. Ile methali yako ndiyo ilinichoma, nikashindwa kuandika, lakini hukujua ilipoangukia.

Nina ombi. Hili la kulia nalo linapungua, nalisikia likienda. Nipigie Jumapili mchana. Nitakuwa uani, nimepandisha vioo. Mtaa wakisikia wasikie. Wewe ongea sana, uniambie hata visivyo na maana.

Baba yako


Tarehe 20 Agosti

Shikamoo baba,

Mimi niko salama. Wasalimie wote hapo nyumbani, na huyo jirani umwambie yule bwana aliomba turudiane nikakataa, asisumbuke kusubiri Jumapili kuisikia.

Baba, Jumapili zile za mwanzo sitazisahau. Ulivyonirudisha nyuma kila sentensi, "rudia hapo, rudia hapo ulipocheka." Nilidhani unanitania, baadaye nikaelewa unaweka akiba.

Lakini nataka uniambie ukweli. Jumapili iliyopita niliongea peke yangu. Nilikueleza kwamba nimepewa likizo, nakuja Desemba, mwezi mzima. Nilitegemea utapiga kelele. Hukusema kitu. Nikakueleza kuhusu yule mwalimu, kwamba ametembea kwa magongo mpaka mlangoni na kurudi. Hukusema kitu. Nikanyamaza, na wewe ukasema, "Endelea, mama, nakusikia."

Ulikuwa unanisikia?

Mwanao,
Kitinda


Tarehe 2 Septemba

Kitinda mimba wangu,

Marahaba. Sisi tu wazima. Shangazi yako anaanza kuosha mapazia, na Desemba bado iko mbali. Kwa hiyo njoo, hata kwa ajili ya mapazia.

Umeomba ukweli. Sikukusikia, mwanangu. Jumapili ya kabla yake nilipata vipande, jina langu na kicheko kimoja. Hiyo unayoiulizia, hakuna kitu. Niliongeza sauti mpaka mwisho, nikachomoa waya nikachomeka tena, nikamlaumu fundi. Kisha nikatazama nje nikamwona shangazi yako amesimama na beseni lake la nguo, anafuta machozi kwa kanga. Nikajua sauti ipo. Ipo mpaka uani, ila mimi tu. Nililia, nakwambia wazi. Nimezika mama yako nikajikaza, lakini hapo nililia.

Kisha nikaweka kiganja mlangoni, pale kwenye matundu ya spika. Mlango unatetemeka, Kitinda. Ukiongea taratibu, unatetemeka taratibu. Ukinyamaza, unatulia, ndiyo maana nilijua umenyamaza nikakwambia endelea. Nilikudanganya kwamba nasikia kwa sababu niliogopa ungekata. Habari za likizo na za yule mwalimu nilizipata baadaye, shangazi yako aliniandikia kwenye kipande cha karatasi.

Gari watu wananiuliza kama nauza, maana limesimama tu linakula vumbi. Siuzi. Kila Jumamosi naliwasha kidogo, betri isije ikalala, kwa sababu Jumapili ina kazi.

Kwa hiyo nipigie kama kawaida. Usifikirie cha kusema, wala usipaze sauti, haina haja, utaumiza koo bure. Soma hata majina ya dawa. Mimi nitakuwa nimeshika mlango, nimeangalia skrini. Jina lako linaandikwa pale, na chini yake sekunde zinahesabiwa, moja baada ya nyingine. Zikiwa zinakwenda, najua bado upo.

Usikate wewe. Nikichoka, nitakata mimi.

Baba yako