Saa ya Pampu ya Nduruma

Kijenge, Arusha

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini unasoma haya mguu umepungua kuuma. Kahawa mmevuna, au mvua iliwakorofisha tena? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umechoka.

Nilikuambia kiwanda chetu cha redio kimepata mwenye mali mpya. Siku hizi tunaunda saa za kuwasha na kuzima pampu. Ndani mna kidude cheusi, chipu, kidogo kuliko ukucha, kinachohesabu muda hata umeme ukikatika. Kazi yangu ilikuwa kuzipima chipu hizo: kila asubuhi nasikiliza mlio wa saa redioni, naangalia kila moja imekosea kiasi gani. Kazi hiyo haina haraka, mama. Chipu huonekana sawa wiki nzima, kumbe inateleza polepole, na joto likizidi inateleza zaidi. Kosa linakuja kujitokeza miezi imeshapita.

Bosi hakungoja. "Wateja hawanunui subira yako," aliniambia, akaziuza.

Moja ilifungwa Nduruma, kwenye shamba la maua. Shamba na wanakijiji wanagawana mfereji kwa zamu. Alfajiri pampu izime, maji yaende kwenye mahindi ya watu. Miezi ikapita, pampu ikawa inachelewa kuzima. Lawama zikamwangukia mlinda pampu, Elirehema, Mmeru mpole mwenye watoto wadogo. Wakasema amehongwa. Siku moja walimvamia kwa fimbo, wakamvunja mkono. Shamba nalo likamfukuza ili kuwatuliza watu.

Niliposikia nilikwenda na redio yangu. Tukasimama na wazee wa mfereji kungoja mlio wa asubuhi. Ulipolia, saa ya pampu ilikuwa nyuma karibu nusu saa. Mzee mmoja akashika kichwa. "Yaani tumempiga mtu kwa kosa la chuma?"

Bosi alipojua nimesema hadharani, alinipunguza kazini. Chumba cha kupimia sasa ni stoo.

Jumapili nilipanda kule Meru, kwao Elirehema, nimpe habari kwamba jina lake limesafishwa. Nilimkuta mkewe akikata majani ya ng'ombe. Akasema mumewe alikwenda Mererani kuchimba madini, na mkono ule ule mbovu, na tangu hapo hajatuma neno.

"Asante, dada, kwa jina lake," akaniambia. "Lakini jina halinisaidii kulea. Mimi namtaka mwenyewe."

Nikamsaidia kubeba majani hadi zizini, nikashuka.

Msihangaike juu yangu. Fundi mmoja wa redio Ngaramtoni amenikaribisha nifanye kazi mezani kwake. Nisalimie kaka Benedikto anayekulindia shamba, shangazi Skola mpishi wa parokia, na bibi, mwambie bado navaa kitenge chake. Mkisali jioni mtajeni na Elirehema, ingawa hammjui.

Ni mimi mwanao,
Adelina