Simba Hajaguswa

Baba Yahaya,

Uji nimeufunika jikoni. Kidonda usikikune wala usibandue gamba. Paka asali, funga kile kitambaa nilichokichemsha. Leo usiende shamba la ujamaa Igalula, jua litakuachia baka. Ukipata homa nenda zahanati, si kwa yule fundi wako aliyekuunguza mkono kwa maji ya betri.

Asubuhi nikikuosha uliniambia umefuta michoro ya tatuu mkononi kwa sababu ni dhambi. Haya. Mbona iliyoungua ni jina langu tu, na simba wako hapo pembeni hajaguswa hata sharubu?

~~Nitarudi mchana.~~ Usiningoje. Nawahi treni ya Igalula. Zamu yako ya kulima leo naishika mimi, nimwone huyo asiyetaka kulisoma jina langu.

Mkeo bado,
Kuluthumu