Mitungi ya Kuning'iniza Ubavuni

Jumanne, 2 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Mgongo umeamkaje? Sisi hatujambo, ila Baba ana mafua na anaugua kana kwamba ndiye mtu wa kwanza duniani kuyapata.

Nina jambo, na ni afadhali niliandike, maana kwenye simu ningesema "ndiyo" na "sawa" halafu tungesikilizana tukipumua. Nimepata cheti cha kuzamia. Shuleni sijamwambia mtu. Jumapili tulishuka na mwalimu wa kuzamia kwenye yale machimbo ya mawe yaliyojaa maji. Shangazi, ngazi walizopandia wachimbaji bado zipo huko chini, na ukuta wenye urefu wa ghorofa sita, nami nikaelea mbele yake kama unyoya. Nikasahau kupumua, jambo ambalo kitabu kinalikataza kabisa. Na huko hakuna anayeniambia nipaze sauti.

Nataka ushuke nami. Najua, mgongo. Lakini uliniambia daktari amekukataza mizigo, hakukukataza maji. Nimesoma kitabu chote cha kituo cha kuzamia, kile kilichoandikwa kwa lugha ya shule, kamusi mapajani. Kumbe wako watu wasiobeba mtungi wa hewa mgongoni. Wananing'iniza miwili midogo ubavuni, mmoja kila upande, kutoka kwapani hadi nyongani. Nimeshakuchagulia ya alumini. Mmoja naunyanyua kwa mkono mmoja.

Mwanao,
Kimya

Alhamisi, 11 Aprili

Kimya wangu, marahaba.

Mgongo uliamka kabla yangu, kama kawaida yake. Msalimie mgonjwa wetu wa mafua, mwambie dada yake anamwombea.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara mbili nikiwa nimelala chali sakafuni, ambako siku hizi ndiko kwangu. Miaka kumi na minane nimekwangua matumbo ya meli, mtungi mgongoni, nikipanda na kushuka ngazi ya chuma. Sasa kuvaa kiatu ni mpaka tufanye kikao, mimi na kiuno changu.

Hongera, mwanangu. Nimejivuna mpaka jirani akaniuliza nimepata nini.

Ila nikuulize: huo mtungi umeupimia wapi? Kwenye sakafu ya duka. Nenda bwawani, uvae yote miwili, uvute hewa mpaka ikaribie kwisha, mwalimu akiwa karibu. Kisha uniandikie imefanya nini. Usinichagulie kiatu kwa kukivaa mkononi.

Shangazi yako

Jumapili, 21 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Natumaini umeshuka sakafuni, au tuseme umepanda. Baba amepona, sasa anatusimulia mafua yake.

Nilikosea, na nimeona haya. Hewa ilipopungua, ile mitungi ya alumini ilianza kuelea. Mikia yake ikainuka nyuma yangu kama ya bata. Ili nisipande juu ilibidi nifunge kiunoni mkanda wa uzito, wa madini ya risasi, kilo mbili, palepale ambapo wewe unaumwa. Mimi mzima, na jioni nilitembea kama bibi. Wepesi wote ule niliojisifia uliishia kuwa mzigo wa kiuno.

Nikajaribu ya chuma, mifupi minene, lita saba kila mmoja. Nchi kavu ni adhabu. Lakini majini, Shangazi, ililala sambamba na mbavu zangu, ikatulia mpaka mwisho wa hewa, na risasi sikuhitaji hata punje. Sikujua mwili unaweza kunyamaza hivyo. Nilikaa katikati ya bwawa bila kugusa kitu, hakuna kinachonivuta wala kunisukuma, mpaka mwalimu akaja kunigonga kichwani kuona kama niko hai.

Basi wewe utashuka na suti na mikanda ya mabega tu, nami nitakupa mitungi ukiwa umeshaingia majini. Tatizo ni moja. Mwenye kituo, tunamwita Kamanda, ana sheria: asiyeshuka ngazi za machimboni na mtungi wake hazamii. Ngazi ni ishirini na mbili. Sijamwomba. Unanijua.

Mwanao,
Kimya

Jumanne, 30 Aprili

Kimya wangu, marahaba.

Usimwombe.

Umechagua vizuri kuliko ambavyo ningechagua mwenyewe. Lakini kuna kitu sikuwahi kukuambia, wala baba yako. Siku yangu ya mwisho kazini, kushuka nilishuka. Kupanda ndiko kulikonishinda. Mgongo ulikatika katikati ya ngazi, wakanivuta kwa kamba mbele ya kikosi kizima, mtungi bado umenikalia, nikaning'inia kama gunia. Mmoja akacheka. Ninamsamehe kila asubuhi na kila jioni inabidi nianze upya.

Sitaki kutazamwa tena vile. Tuyaache.

Shangazi yako

Jumapili, 2 Juni

Shangazi, shikamoo. Mgongo, na wewe shikamoo.

Nisamehe ukimya wa mwezi. Kwanza nilikasirika, kisha nikaogopa, kisha nikaenda.

Nilimkuta Kamanda akijaza mitungi. Nikasema, sauti ikatoka kama ya panya. Akazima mashine.

"Leo umeamka na ulimi, binti?"

Nikamweleza yote, isipokuwa ile siku yako, hiyo ni yako. Akasikiliza hadi mwisho. Akasema, "Sheria siyo ubabe. Asiyeweza kubeba mtungi, mwenzake akizidiwa atamvuta vipi?"

Nikamwambia kuvuta ni kwa miguu, majini mgongo haubebi. Na mwenzake nitakuwa mimi.

"Wewe? Na huo mwili wa njiti?"

"Nijaribu."

Akajitupa bwawani akajifanya amezimia, Shangazi, jitu la kilo mia moja na kumi. Nikamvuta kutoka ukuta hadi ukuta. Njiani aliniuliza kwa sauti ya maiti kama nimechoka. Kisha nikabeba mitungi yako yote miwili ngazi zote ishirini na mbili, nikashusha, nikapandisha. Akasema sawa, na siku hiyo atashuka nasi.

Kuhusu kupanda: nimelifikiria kuliko mtihani wowote. Kabla hujagusa ngazi, mitungi naifungua mimi, inabaki majini na Kamanda. Utatoka huna kitu mgongoni, kama mtu anayetoka kuoga. Hakuna kamba.

Jumamosi, tarehe kumi na tano. Nitakuwa pale, uje usije.

Mwanao,
Kimya

Jumatatu, 17 Juni

Kimya wangu,

Leo mimi ndiye ninayeanza: mwili wako umeamkaje baada ya kubeba yale madude ya chuma?

Juzi uliponirudisha kwa gari la baba yako bila kuniuliza lolote, nilijua unanipa nafasi. Leo naitumia.

Miaka yote ile nilikuwa nikitazama kutu na konokono, taa usoni, saa mkononi. Sikuwahi kutazama maji. Ulipobana mtungi wa pili nikasubiri maumivu, kama unavyosubiri mtu anayegonga mlango kila siku. Hayakuja. Tukafika mita tisa, ukaniashiria nigeuke, nikauona huo ukuta wako. Alama za nyundo bado zimo, Kimya, moja moja, na jua limezifikia zote. Nikanyoosha mkono, nikanyoosha na mgongo, ukanyooka wote, nikalia ndani ya miwani.

Kisha ngazi. Nilizihesabu. Ya kumi na tatu nilisimama, nikapumzika, nikaendelea. Nilipofika juu niligeuka kuona nani ananitazama. Wewe ulikuwa unahangaika na mapezi, Kamanda anabishana na mtungi, na mama mmoja alikuwa anamfuta mwanawe pua.

Hakuna aliyenitazama.

Shangazi yako