Saa Nne ya Ng'ambo

Njombe, 3 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na mawese yanauzika. Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu.

Wiki hii nimewafundisha kidato cha sita kwamba wakati haupiti. Usicheke. Wapo wanasayansi wanaosema jana, leo na kesho vyote vipo, ni sisi tu tunaoviona kimoja kimoja. Niliwapa mfano wa treni: ukifika Kigoma, Tabora haijafutika. Ipo palepale, watu wake wanakunywa chai. Nikajisikia mwalimu kweli.

Mwanao,
Jeremia

Katubuka, Kigoma, 26 Machi 2024

Mwanangu Jeremia,

Marahaba, baba. Goti linauma, kwa hiyo mwambie huyo mwanasayansi aje aniambie wakati haupiti huku akinipandisha ngazi za kanisa.

Ila habari ya Tabora naisoma kila siku, na imenipa ujasiri wa kukuambia jambo. Kubwimana amerudi. Humjui. Ni mfanyabiashara wa mawese wa Nyanza-Lac, ng'ambo kule Burundi, aliyetaka kunioa kabla ya baba yako. Jumapili ya kuleta posa tulipika, tukangoja, hakuja. Kumbe vita vilikuwa vimeanza kwao. Nililia, nikanyamaza, baadaye nikaolewa na Feliksi, na sikujuta hata siku moja. Sasa Kubwimana naye amefiwa na mkewe, na ameniomba tena. Nimemwambia simjibu mpaka mwanangu aniandikie kwamba ameridhia.

Mama yako,
Skolastika

Njombe, 14 Aprili 2024

Mama, shikamoo.

Una miaka hamsini. Wakati wenu ulishapita, na watu wa Katubuka wana midomo. Na baba je? Tumemzika juzijuzi tu. Ukienda kwa mwanaume mwingine, yeye atabaki wapi? Naomba uachane na jambo hili.

Jeremia

Katubuka, 2 Mei 2024

Jeremia, mwanangu,

Hujambo? Hukuniuliza goti, na juu ya jina lako hukuandika "mwanao". Nimeona.

Nilikasirika, sasa nimetulia. Nijibu, mwalimu. Mwezi Machi wakati haupiti, mwezi Aprili wakati wangu umepita. Chagua moja tukae nalo.

Mimi nimechagua. Siku Feliksi alipokubeba begani mpaka Ujiji kununua viatu vyako vya kwanza vya shule, ukalala navyo miguuni, siku hiyo ipo. Ipo kama Tabora. Kubwimana hawezi kuing'oa, wala mimi siwezi kuifuta hata nikiolewa mara kumi. Unachoogopa kukipoteza hakipotei, baba. Ninachoomba mimi ni kituo kinachofuata.

Bila barua yako siolewi. Hilo sijabadilisha.

Mama yako

Njombe, 21 Julai 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti vipi? Nimekaa kimya kwa sababu ya aibu.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, na waliokufa je, miaka yao bado ipo?" Nikajibu ndiyo, kisha nikageukia ubao kufuta kitu ambacho sikuwa nimekiandika.

Sijui kama wakati unapita, Mama. Wanasayansi wenyewe bado wanabishana. Najua baba yupo kwenye miaka yake, na hakuna wa kumtoa. Olewa. Niko zamu ya bweni, sitapewa ruhusa ya kusafiri, ila barua hii isomwe mbele ya watu wote wajue nimeridhia.

Mwanao,
Jeremia

Katubuka, 9 Septemba 2024

Mwanangu Jeremia,

Hujambo? Sisi hatujambo, na safari hii "sisi" ni watu wawili.

Ndoa ilipangwa Jumamosi saa nne asubuhi. Saa nne ikafika, bwana harusi hayupo. Nusu saa ikapita, hayupo. Watu wakaanza kutazamana. Mama yako mdogo Yunisi akalia, amekumbuka ile Jumapili ya posa. Mimi nikasema moyoni, basi, imejirudia.

Padri, ili kuwatuliza watu, akafungua barua yako akaisoma. Alipofika kwenye "Olewa", kanisa zima likapiga vigelegele. Havijaisha, tukasikia watu wa upande wa bwana harusi wanakuja kutoka bandarini wanaimba Kirundi. Kubwimana akaingia, suti imelowa maji ya ziwa hadi magotini. Padri akamwonyesha saa: saa tano kamili. Yeye akamwonyesha ya kwake: saa nne kamili. Burundi wako nyuma yetu kwa saa nzima, na katika pilikapilika zote hakuna aliyekumbuka.

"Sijachelewa, Padri," akasema.

Padri mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Nilimngoja mtu huyu miaka thelathini na saa moja juu yake, mwanangu, na akafika kwa wakati. Wafundishe hilo kidato cha sita.

Saa yake amekataa kuirekebisha, nami nimemwacha. Ngazi za kanisa tulishuka polepole, goti likiniuma, na nilikuwa na furaha ambayo sikujua bado ninayo. Anakusalimu. Viatu vyako vya shule nimemwonyesha.

Mama yako,
bado ni Mama Jeremia