Neno Nililompa Mama

Jumatatu, 7 Oktoba 2002. Baraka

Nimefika juzi kwa Mama, ng'ambo hii ya ziwa, kwa boti kutoka Kigoma. Mguu wa Mama umevimba, lakini mdomo mzima! Wiki ijayo nampeleka kwetu Ujiji, upande wa marehemu baba, halafu mimi Dar. Kambi ya timu ya taifa inaanza tarehe ishirini, kisha Nairobi. Mara yangu ya nne kuvaa jezi ya Tanzania. Kila asubuhi narusha mpira ukutani nyuma ya jiko, mkono usilale. Majirani wanacheka — mwanamke mzima na mpira.

Mama kauliza kriketi ni nini, na mimi ni nani ndani yake. Nimechoka kueleza. Anajua Kifaransa kidogo cha shule, basi nikamwambia: mimi ni lanceuse, yule anayerusha. Kalirudia mara tatu. Limempendeza.

Jumatano, 9 Oktoba

Askari wa mjini wameondoka alfajiri bila kuaga. Saa nne wakaingia wapiganaji wa milimani, wamejifunga majani, wamejimwagia dawa yao ya vita, eti risasi isiwaingie. Risasi kidogo upande wa soko. Jirani yetu Pulchérie anasema tutulie, hawa ni batoto betu. Labda ni watoto wao. Mimi hawanijui. Naogopa. Naandika ili vidole vipate kazi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Wamekuja mchana, komanda na mlinzi wake. "Lanceuse iko wapi?" Mama kawapa viti! Kumbe juzi alinisifia sokoni, kila meza ya ndagala, dagaa wa huku: mutoto wangu ni lanceuse wa taifa, banamupandishaka ndege juu ya mukono yake. Yaani napandishwa ndege kwa ajili ya mkono wangu.

Komanda akauliza: "Unatupaka metre ngapi?"

Nikasema ishirini. Wakatazamana.

"Makumi mbili? Roketi ya metre makumi mbili itatuua siye wenyewe."

Hapo ndipo nikaelewa. Huku siku hizi lance ni kitu kimoja tu, lile bomba la roketi linalobebwa begani. Na neno hilo nilimpa Mama mimi mwenyewe.

Nikaongeza ujinga. Nikaleta mpira nieleze kuwa ni mchezo tu. Komanda akaupima mkononi, akasimika kijiti kule kwenye migomba. Piga, kasema. Laiti ningekosa makusudi! Lakini miaka yote ya mazoezi haikuniuliza. Kijiti kikaruka.

Hakucheka. Kasema roketi sijui, lakini mkono ninao. Wana mabomu ya mkono na vijana wao wanayatupa karibu mno. Jumamosi baada ya saa sita watanifuata. Nikikimbia, atajibu Mama.

Ijumaa, 11 Oktoba

Msikiti umefungwa. Mjomba Mahmudu, mwenye boti, anasema injini zote zimechukuliwa, na ufukweni kuna walinzi. Hata Ubwari, rasi hii ya jirani, haendi mtu. Kwa miguu na Mama, haiwezekani.

Sijawahi kuchinja hata kuku. Nikiufumba mkono, nahisi lile bomu ndani yake, ukubwa uleule wa mpira wangu.

Jioni Pulchérie kasema polepole, bila kuniangalia: muntu wa mukono yenye kuvunjika, banamuachaka. Dawa yao haitaki mwenye kasoro. Mama aliendelea kuchambua maharage, yaleyale aliyokwisha kuyachambua.

Jumamosi, 12 Oktoba. Saa nne asubuhi

Mama amesema. Kosa ni la kinywa chake, basi na kazi ni yake. Nikamwambia kosa ni langu. Nikamwambia mkono huu ndio mimi, Mama, kingine sina. Akalia. Nikalia.

"Mufupa inaunganaka, mutoto wangu. Muntu mwenye ameua, hawezi kuungana tena."

Nikamuuliza kama mkono utarusha tena. Kasema hajui. Afadhali angenidanganya.

Pulchérie amechana kitenge vipande, amekata vijiti viwili vinyoofu. Wakija, tutasema nimeteleza kisimani. Mchi umeegemea kinu. Mama amejaribu kuunyanyua mara mbili, na mguu ule unamyumbisha. Kaomba nikae chini kabisa, asije akakosea.

Zimebaki saa mbili. Sijakubali. Sijakataa.

Mistari hii ya mwisho naandika kwa kushoto, ingawa wa kulia bado mzima. Herufi zinapanda, zinashuka. Najaribu tu —